Faragha ya mteja hupotea siku ya kuhama mfumo

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya usalama ya bure kwa Windows 10, mfumo endeshi uliokuwa mikononi mwa watu tangu Julai 2015. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo, wala hakuna aliyeamriwa ahame. Kila mwenye mashine ya zamani alielewa tu kwamba mwanya wowote utakaogunduliwa baada ya hapo hautazibwa kwake. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka.

Wengi walikuwa hawawezi hata kusogea hatua moja mbele. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa iliyomo kwenye orodha ya Microsoft yenyewe, na kompyuta nyingi zilizokuwa zinafanya kazi vizuri zikakosa sifa hizo. Kwa waliotaka kubaki mwaka mmoja zaidi, hadi Oktoba 2026, kampuni ilifungua milango mitatu. Wa kwanza, lipa dola 30. Wa pili, toa pointi 1,000 za Microsoft Rewards, ambazo mtu huzikusanya kwa mambo kama kutafuta habari kupitia Bing. Wa tatu, ulioitwa wa bure, washa Windows Backup ili mipangilio ya kompyuta yako ipelekwe kwenye seva za kampuni. Na huwezi kupita mlango wowote kati ya hiyo bila akaunti ya Microsoft. Hata mwenye dola 30 mkononi lazima kwanza ajitambulishe.

Bei hiyo inahitaji kutazamwa kwa makini. Kuziba mwanya ulioachwa na mtengenezaji mwenyewe kumewekewa gharama, na gharama hiyo unaweza kuilipa kwa fedha au kwa taarifa zako. Shirika la kutetea watumiaji la Ulaya, Euroconsumers, lilipinga masharti hayo, na Septemba 2025 Microsoft ikatangaza kuwa wateja binafsi walio ndani ya Eneo la Kiuchumi la Ulaya watapata mwaka huo wa ziada bila malipo na bila kulazimika kuwasha Windows Backup. Akaunti bado inatakiwa, na ni lazima kuingia angalau mara moja kila siku 60, lakini sharti la kupeleka mipangilio kwenye wingu liliondoka. Programu ni ile ile na mianya ni ile ile. Sharti liliondolewa palipo na sheria yenye meno, likabaki kwingine. Kwa hiyo hakuna fundi aliyelihitaji. Lilikuwa uamuzi wa kibiashara, uliowekwa mbele ya mtu ambaye kalenda imemtia haraka.

Mijadala ya faragha na mifumo endeshi huishia karibu kila mara kwenye swali moja: upi ulio salama, Windows, macOS au Linux? Ni swali halali, ila linatukazia macho kule tunakokwenda na kutusahaulisha njia. Msimamo wangu ni kwamba mteja wa kawaida hupoteza sehemu kubwa ya faragha yake katika saa chache za kuhama, anapobofya skrini za mwanzo, anapobeba faili kwa flashi, anapoigawa au kuiuza mashine ya zamani. Katika saa hizo ana haraka kuliko siku nyingine yoyote, na mara nyingi hana pa kurudi. Watengenezaji wanalijua hilo, na wamelijenga ndani ya bidhaa zao.

Fikiria mtu anayewasha kompyuta yenye Windows 11 kwa mara ya kwanza. Ameulizwa lugha, kibodi na Wi-Fi, na sasa anadaiwa akaunti. Toleo la Home lilidai akaunti hiyo tangu mwanzo, na mwaka 2022 toleo la Pro kwa matumizi binafsi likafuata. Zilikuwepo njia za kichochoro za kuikwepa, na kampuni imekuwa ikiziziba moja baada ya nyingine. Kisha zinakuja swichi mfululizo: mahali ulipo, kutafuta kifaa kilichopotea, data za uchunguzi (taarifa za jinsi kompyuta inavyofanya kazi na kutumika), maneno unayoandika kwa kibodi au kalamu, kitambulisho cha matangazo. Mtu huyu ana kazi inayomsubiri. Faili zake ziko kwenye mashine nyingine na bado hajui kama zitafika salama. Atabofya Kubali, Kubali, Kubali, na mahali fulani kwenye seva itaandikwa kwamba ameridhia.

Mimi hiyo siiiti ridhaa, na siko peke yangu. Kanuni ya Ulaya ya ulinzi wa data, GDPR, inayotumika tangu 25 Mei 2018, inataka ridhaa itolewe kwa hiari, na inasema kuiondoa kuwe rahisi sawa na kuitoa. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya Planet49 iliyoamuliwa 1 Oktoba 2019, ilitamka kwamba kisanduku kilichowekwa tiki tayari hakihesabiki kuwa ridhaa. Sasa pima skrini za mwanzo kwa kipimo hicho. Kutoa ni kubofya mara moja. Kuondoa ni kuifahamu kwanza menyu ya mipangilio, kupita kurasa kadhaa, na kuzima kila swichi peke yake. Tena kuna kundi la data za uchunguzi ambalo Microsoft inaliita la lazima, na kwa mwenye Home au Pro hakuna swichi ya kulizima kabisa. Swichi hiyo ipo kwenye matoleo ya Enterprise na Education. Shirika lenye wanasheria na idara ya kompyuta linaweza kunyamazisha mashine zake, na mtu mmoja aliyeinunua kwa fedha yake hawezi. Nimejaribu kutafuta sababu ya kiufundi inayoeleza tofauti hiyo na sijaipata.

Historia ya jambo hili ni ndefu. Mwaka 2016, wakati wa kuwahamisha watu kutoka Windows 7 na 8.1 kwenda Windows 10, dirisha la kutangaza uhamisho lilibadilishwa hivi kwamba kubofya alama ya X pembeni, ishara ambayo dunia nzima inaijua kuwa ni ya kufunga na kukataa, hakukufuta uhamisho uliokwisha kupangwa. Watu waliamka wakakuta mfumo mwingine. Baada ya kelele nyingi kampuni ilirekebisha dirisha hilo mwezi Juni mwaka huo huo. Mwaka 2024 yakaonekana malalamiko ya aina nyingine, kwamba usakinishaji mpya wa Windows 11 ulikuwa unawasha wenyewe hifadhi ya OneDrive kwa folda za eneo-kazi, nyaraka na picha, bila kumuuliza mwenye mashine. Mtu anadhani faili zake ziko kwenye diski iliyo mbele yake, kumbe nakala zimeshapanda kwenye wingu. Anagundua siku nafasi ya bure inapojaa na kuanza kudaiwa alipie zaidi.

Msomaji aliyechoshwa na haya atasema basi, nahamia kwingine. Ana haki. Ila asihame akidhani huko kuna watakatifu. Oktoba 2012 Ubuntu 12.10, toleo la Linux lenye wafuasi wengi, lilianza kupeleka maneno ambayo mtu aliyatafuta ndani ya kompyuta yake mwenyewe kwenye seva za Canonical, kampuni inayoitengeneza, ili kumletea bidhaa za Amazon pembeni ya faili zake. Richard Stallman, mwanzilishi wa vuguvugu la programu huru, aliliita jambo hilo kwa jina lake, programu ya kijasusi. Utafutaji huo ulizimwa katika mipangilio ya mwanzo Aprili 2016, na toleo la 16.04. Miaka mitatu na nusu ni muda mrefu kwa mtu aliyehama ili afiche maisha yake.

Upande wa Apple, tarehe 12 Novemba 2020 Mac nyingi zilianza kusitasita kufungua programu. Chanzo kilikuwa seva moja ya kampuni iliyoelemewa, na kwa ajali hiyo watu wakajua kwamba programu inapofunguliwa Mac huweza kuiuliza Apple kama cheti cha mtengenezaji wake bado ni halali, na kwamba swali hilo lilikuwa linasafiri bila kusimbwa, yaani bila kugeuzwa maandishi yasiyosomeka bila ufunguo. Yeyote aliyekaa katikati ya njia angeweza kulisoma. Apple ikasema imeacha kuhifadhi anwani za IP zilizoambatana na ukaguzi huo, ikaahidi njia iliyosimbwa. Ahadi ni nzuri, lakini haikutolewa mpaka seva ilipolemewa mbele ya macho ya watu.

Najua kutaja makosa ya kila upande kunaweza kumfanya mtu akate tamaa na kusema wote ni wamoja. Si wamoja. Debian, kwa mfano, ina chombo cha kuhesabu programu zinazotumika zaidi, na wakati wa kusakinisha inakuuliza kama unataka kushiriki, jibu lililowekwa tayari likiwa hapana. Hiyo ndiyo adabu ninayoitaka. Ninachokataa ni wazo kwamba jina la mfumo linatosha kuwa kinga.

Kuna eneo ambalo jina la mfumo linaweza hata kumpotosha mtu akaachwa wazi kuliko alivyokuwa. Nalo ni usimbaji wa diski, ambao kwangu ndio uzito wa suala zima.

Watu wengi wanaamini kwamba nenosiri la kuingilia kwenye kompyuta ndilo linalofunga faili zao. Sivyo. Nenosiri hilo linalinda mlango wa mfumo endeshi, na anayewasha mashine hiyo kwa kutumia flashi yenye Linux hapiti mlango huo kabisa. Anaifungua diski kama faili za kawaida, picha, mikataba, historia ya kivinjari, bila kuulizwa chochote. Kinachomzuia ni usimbaji wa diski nzima: BitLocker au kile kinachoitwa usimbaji wa kifaa kwenye Windows, FileVault kwenye Mac, LUKS kwenye Linux. Bila huo, laptopu iliyoibiwa imechukuliwa pamoja na yote yaliyomo.

Sasa tazama kinachotokea mtu anapohama. Tangu toleo la 24H2 la mwaka 2024, Windows 11 iliyosakinishwa upya huwasha usimbaji wa kifaa yenyewe mara mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na ufunguo wa kurejesha, ule wa kuifungua diski njia ya kawaida ikishindikana, hupelekwa kwenye akaunti hiyo. Hili lina faida kubwa na sitaki kulibeza. Mwizi wa laptopu hapati kitu, na mwenyewe akisahau nenosiri hapotezi kazi zake. Lakini ufunguo ulio kwa kampuni unaweza pia kudaiwa na mahakama, au kuchukuliwa na yeyote atakayeiteka akaunti. Mteja anapaswa kuambiwa hayo mawili kwa pamoja, kwa lugha nyepesi, kabla ufunguo haujaondoka mikononi mwake. Apple walau kwa miaka mingi imempa mtu nafasi anapowasha FileVault kuamua kama ufunguo utunzwe kwenye iCloud, wingu la Apple, au atautunza mwenyewe.

Mtu huyo huyo akiamua kwenda Linux kwa ajili ya faragha, anakutana na kitu kingine. Visakinishi vingi vya Linux vina chaguo la kusimba diski, na kwa kawaida halijawashwa. Asiyejua maana yake ataliruka. Kwa hiyo ametoka kwenye mashine iliyosimbwa, ingawa ufunguo ulikuwa kwa kampuni, akaingia kwenye mashine ambayo yeyote mwenye flashi anaweza kuisoma. Amekwepa data za uchunguzi, amefungulia kila mpita njia. Kurekebisha baadaye, kwa mtu wa kawaida, ni kusakinisha upya kutoka mwanzo. Naona uchungu wa pekee hapa, kwa sababu mtu huyu alijali, alisoma, alichukua hatua, na hakuna aliyemwonya kwenye skrini iliyokuwa na nafasi tele ya kuandika onyo la mstari mmoja.

Wanaoweka mifumo miwili kwenye mashine moja wana shida yao. Kubadilisha namna kompyuta inavyowaka kunaweza kuifanya BitLocker ishtuke na kudai ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48, na mtu ambaye hakujua kwamba usimbaji uliwashwa hajui hata aanzie wapi kuutafuta. Ndiyo maana maelekezo mengi huanza kwa kusema zima BitLocker kwanza. Ni maelekezo sahihi kwa kazi ile. Tatizo ni kwamba kuiwasha tena mara nyingi hakuandikwi mwishoni mwa maelekezo hayo, na mwenye mashine, akifurahia mfumo mpya uliowaka bila hitilafu, hana kitu cha kumkumbusha.

Nigeukie mabaki, maana kuhama mfumo kunafanana na kuhama nyumba katika jambo moja: vitu vya siri huonekana wakati samani zinapoondolewa.

Anayepandisha Windows juu ya Windows ya zamani huachiwa folda iitwayo Windows.old, yenye mfumo wa awali, na huenda na faili zake za zamani ndani yake. Kwa kawaida hufutwa yenyewe baada ya siku 10. Mashine ikiuzwa au kupewa mtu mwingine siku ya pili, folda inakwenda nayo. Kufomati haraka nako hakufuti data zenyewe. Kunafuta orodha inayoonyesha kila kitu kiko wapi, na kwenye diski za zamani zinazozunguka programu za kurejesha faili hukusanya mengi sana kutoka kwenye kilichodhaniwa kimefutwa. Diski za SSD zina tabia tofauti, zinasambaza maandishi kwenye chembe mbalimbali ili zisichakae upande mmoja, hivyo kuandika juu ya faili hakuhakikishi kwamba nakala ya kwanza imeondoka. Dawa iliyo imara ni kusimba diski tangu siku ya kwanza. Hapo kufuta ni kuharibu ufunguo, na kinachobaki ni vurugu isiyosomeka. Ndiyo maana nasema maandalizi ya kuondoka kwenye kompyuta hufanywa siku unapoingia.

Flashi ina siri ambayo wachache wanaijua. Ukifuta faili kwenye flashi ukiwa kwenye Mac, faili huhamishiwa kwenye folda iliyofichwa iitwayo .Trashes, iliyo humo humo ndani ya flashi. Linux nayo hutengeneza folda yenye jina kama .Trash-1000. Mfumo uliofuta hauionyeshi, lakini mfumo wa pili, ukiwashwa uonyeshe faili zilizofichwa, unaiona kama folda nyingine yoyote. Mtu anayehama kutoka Mac kwenda Windows kwa flashi, kisha akamwazima mwenzake flashi hiyo, amemwazima na takataka zake.

Mbaya kuliko hiyo ni orodha ya manenosiri. Vivinjari vikubwa vyote hukuruhusu kutoa manenosiri yako ili uyapeleke kwingine, na kwa miaka mingi vimeyatoa kama faili la CSV, maandishi matupu ambayo yeyote anaweza kuyafungua. Benki, barua pepe, hospitali, kila kitu kwenye jedwali moja. Faili hilo hutua kwenye folda ya vilivyopakuliwa, pengine ile ile inayonakiliwa kwenye wingu bila wewe kujua, na hukaa huko. Muungano wa FIDO, unaoweka kanuni za kuingia kwenye akaunti kwa usalama, ulitoa Oktoba 2024 rasimu ya kanuni za kuhamisha manenosiri yakiwa yamesimbwa kutoka programu moja kwenda nyingine. Imechelewa, lakini ni kazi ya maana, na kila mtengenezaji ambaye bado anatoa CSV bila kulifuta mwenyewe baada ya matumizi anastahili kuulizwa kwa nini.

Na akaunti ya zamani? Hiyo haihami wala haifi. Aliyeondoka Windows miaka iliyopita bado ana faili kwenye OneDrive, orodha ya vifaa vyake, na funguo za kurejesha za diski ambazo huenda zimeshauzwa. Kurasa za kupakua na kufuta data zipo kwa Microsoft, Google na Apple, na zinafanya kazi. Ila ni wewe wa kuzikumbuka, kipindi ambacho akili yote iko kwenye mfumo mpya.

Mpaka hapa nimemzungumzia mtu mwenye kompyuta. Yupo mwingine ambaye hakuona skrini yoyote. Mgonjwa ambaye faili lake liko kwenye laptopu ya daktari, mlipa kodi ambaye hesabu zake ziko kwa mhasibu, mwanafunzi ambaye alama zake ziko kwa mwalimu. Daktari akibofya Kubali mara sita, amemwekea saini na mgonjwa. Akiacha folda ya nyaraka ipande kwenye wingu, siri za watu mia zimevuka mpaka, na pengine yeye mwenyewe hajui. Kisheria, chini ya GDPR na sheria zilizoiga mfano wake, mwenye jukumu ni huyo daktari au mhasibu. Ni sawa awajibike. Lakini mtengenezaji aliyewasha swichi kimya kimya hawezi kujitoa, na sheria inayombana mhasibu peke yake imemwacha mwenye nguvu zaidi akipita.

Taasisi kubwa zimeanza kulitazama suala hili kama la mamlaka juu ya data, na zina uwezo wa kujiandaa. Aprili 2024 jimbo la Schleswig-Holstein nchini Ujerumani lilitangaza kuhamisha kompyuta zipatazo 30,000 za serikali kutoka Windows na Microsoft Office kwenda Linux na LibreOffice. Lina wataalamu, mpango wa miaka, na mtu wa kuulizwa. Ofisi ya watu watatu haina hata kimoja kati ya hivyo, na data inazozishika zinaweza kuwa nyeti vile vile.

Wapo wanaohitimisha kwamba bora kutohama kabisa. Siwezi kuwaunga mkono. Mei 2017 WannaCry, programu hasidi inayofunga faili na kudai fidia, ilishambulia kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, na kiraka cha kuziba mwanya ule kilikuwa kimetolewa na Microsoft tangu Machi. Waliotekwa ni wale ambao hawakukipata au hawakukiweka. Mfumo usiosasishwa hauna faragha ya kulinda, kwa sababu unaweza kufunguliwa na mtu usiyemjua kabisa, ambaye hana hata kurasa za masharti. Kuhama ni lazima. Kwa hiyo njia ya kuhama ndiyo inayopaswa kurekebishwa.

Ninachodai si kigumu kiufundi. Skrini za mwanzo ziulize yale tu ambayo kompyuta haiwezi kuwaka bila hayo: lugha, saa, mtandao, jina la mtumiaji. Maswali ya matangazo, mahali na data za uchunguzi yasubiri, kila swichi ikiwa imezimwa, mpaka mtu awe ametulia na anajua anachoulizwa. Usimbaji wa diski uulizwe na kila mfumo, ukiwemo kila mfumo wa Linux, kwa sentensi inayoeleza nani atashika ufunguo. Uhamishaji wa faili uwe na njia ya moja kwa moja kutoka mashine hadi mashine. Apple imefanya hivyo kwa miaka na Migration Assistant, inayoweza kutoa faili kutoka kompyuta ya Windows kupitia mtandao wa ndani bila kupitia wingu la mtu, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema haiwezekani.

Wala shinikizo si kazi bure. Julai 2016 mamlaka ya data ya Ufaransa, CNIL, iliipa Microsoft onyo rasmi kwamba Windows 10 inakusanya data kupita kiasi. Onyo lilipofungwa Juni 2017, kampuni ilikuwa imepunguza kwa karibu nusu data zilizokusanywa katika kiwango cha chini. Mei 2024 ilipotangaza Recall, chombo cha kupiga picha ya skrini kila baada ya sekunde chache na kuzihifadhi ili mtu aweze kutafuta alichokiona, watafiti wa usalama walionyesha jinsi hazina hiyo ilivyoweza kusomwa kirahisi na programu hasidi. Microsoft ikaahirisha, ikakifanya kiwashwe kwa hiari tu, ikakijenga upya kabla ya kukitoa Aprili 2025. Shinikizo linaweza kwenda upande mwingine pia. Februari 2025, baada ya serikali ya Uingereza kudai kufikia data zilizosimbwa, Apple iliwaondolea wateja wapya wa nchi hiyo ulinzi wa juu wa iCloud ambao ufunguo wake hubaki kwa mteja peke yake. Raia wa Uingereza hakuhama mfumo, hakubofya kitu, na bado alipoteza.

Mamlaka za data, popote zilipo, zimezoea kukagua mfumo uliokwisha kusakinishwa na kutulia, na kusoma sera ya faragha iliyoandikwa na mawakili. Zianze mapema zaidi. Mkaguzi awashe kompyuta mpya kama anavyoiwasha mteja, ahesabu swichi zilizokuja zimewashwa, aangalie folda zipi zimepanda kwenye wingu kabla hajafungua faili la kwanza, na ufunguo wa diski umekwenda wapi. Kisha ajaribu kuondoka: afute akaunti, ahamie mfumo mwingine, na baada ya miezi kadhaa aiandikie kampuni kuuliza ina nini bado kinachomhusu.